Mtoto Huyu Analinganishwa na Nani? Historia ya Jedwali Moja, Kutoka Paris Hadi Kilifi

Najua nina deni lenu. Niliahidi sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata na itakuja, msiwe na shaka. Leo naomba niiweke kando kidogo, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu niliporudi kutoka nyumbani. Linahusu programu niliyoiandika mwenyewe, jedwali moja lililokuwa ndani yake, na mtoto wa dada yangu.

Kisa kilianza hivi. Shirika moja (jina nitaliacha) liliniomba niwatengenezee programu ndogo ya tableti. Maafisa wao walikuwa wanawapima watoto kwa majaribio ya kisaikolojia, yale ya kukumbuka, kupanga maumbo, kutaja picha na kadhalika, kisha wanakaa usiku kucha wakihesabu alama kwa kalamu. Walitaka afisa abonyeze tu, programu ihesabu, itoe alama moja ya mwisho na rangi: kijani, njano au nyekundu. Nikapewa kitabu cha mwongozo chenye kurasa nyingi za majedwali. Nilinakili majedwali yale yote, nikaandika msimbo, nikaandika na majaribio ya kuukagua msimbo wenyewe. Yote yakapita. Kazi ya wiki mbili, safi kabisa.

Jumapili moja nikawa nyumbani kwa dada yangu, ndani ndani kutoka Gede, si mbali na barabara ya Malindi. Mpwa wangu ana miaka 7. Nikasema, kabla sijakabidhi kazi hii acha niijaribu kwa mtoto wa kweli. Tukakaa chini ya mkorosho. Nikamwonyesha picha ya kwanza na kumuuliza kama kitabu kilivyoagiza: hiki ni nini?

Akaniangalia usoni, akaiangalia picha, akaniangalia tena. "Mjomba, kwani wewe hukioni?"

Nikacheka, nikamwambia ajibu tu. Akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetegwa. Picha ya tano hakuijua, ya saba hakuijua. Kwenye maumbo alipanga polepole, akageuza kila kipande mara mbili tatu, na saa ikamwishia mkononi. Mwisho nikabonyeza kitufe. Programu yangu ikatoa 70, na rangi nyekundu.

Dada akatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. "Haya kaka, imesemaje?"

Nikamwambia betri imekwisha.

Sikuwa na ujasiri wa kusema kweli, na mpaka leo sijui ningesema nini. Mtoto yule yule asubuhi alikuwa ameniletea gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, lenye usukani mrefu na magurudumu ya ndara kuukuu, na magurudumu ya mbele yanakata kona. Sisemi kwamba ni bingwa. Watoto wengi wa kwetu wanayatengeneza. Ninachosema ni kwamba 70 ile na gari lile havikukaa pamoja kichwani mwangu.

HITILAFU ILIKUWA WAPI?

Usiku nikafungua msimbo. Nikaupitia mstari kwa mstari, sikuona kosa. Ndipo nikarudi kwenye kitabu cha mwongozo na kusoma kile ambacho sisi wasanifu wa programu huwa tunakiruka: utangulizi. Humo nikakuta kwamba majedwali yote yale yametokana na watoto waliopimwa Marekani.

Kwa wale ambao hawajakutana na mambo haya, nieleze kidogo. Jaribio la akili halina kipimo cha asili kama rula au mizani. Mtoto akipata maswali 18, hiyo 18 haisemi kitu peke yake. Inabidi ulinganishe na watoto wengine wa umri wake. Kwa hiyo watengenezaji hukusanya watoto wengi, wakawapima, wakatafuta wastani wao na jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Huo mkusanyo huitwa kaida. Hesabu yenyewe ni fupi:

alama = 100 + 15 × (aliyopata − wastani) ÷ mtawanyiko

Tuseme (hizi ni nambari za mfano tu) mtoto amepata 18. Kundi la kwanza lina wastani wa 30 na mtawanyiko wa 6. Atatoka na 70. Kundi la pili lina wastani wa 20 na mtawanyiko wa 5. Mtoto huyo huyo, majibu yale yale, atatoka na 94. Kwa kundi moja ni nyekundu, kwa lingine ni kijani. Mtoto hajabadilika hata unywele. Kilichobadilika ni watu aliosimamishwa kando yao.

Kwa hiyo mdudu hakuwa kwenye msimbo, alikuwa kwenye data. Na mdudu wa data ndiye mbaya zaidi, kwa sababu haleti ujumbe wa kosa. Programu inafanya kazi vizuri, na inadanganya vizuri.

Hapo nikaanza kuuliza: jedwali hili lilizaliwa wapi, na lilifikaje mpaka chini ya mkorosho wa dada yangu?

KUTOKA PARIS HADI NAIROBI

Mwanzo wake ni Paris, mwaka 1905. Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza jaribio la kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Nia ilikuwa njema. Binet mwenyewe aliwapinga waliodhani kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichofungwa, kisichoongezeka.

Jaribio likavuka bahari. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha toleo la Kimarekani, na kaida zake zilitokana na watoto wa kizungu waliozaliwa Marekani, wengi wao wa California. Mwaka uliofuata Marekani ikaingia vitani, na jeshi likawapima askari wapya wapatao milioni 1.7. Wasiojua kusoma Kiingereza, wakiwemo wahamiaji wengi, walipewa jaribio la picha. Mojawapo ya picha ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu, na mtu aliulizwa kinachokosekana. Fikiria wewe umetoka kijijini, hujawahi kuona tenisi maishani, unaulizwa hapo pamepungua nini. Kisha jibu lako linaandikwa kuwa kipimo cha akili yako, na ya taifa lako lote.

Kwetu Kenya jambo hili lilifika mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 1932 R. A. C. Oliver, aliyefadhiliwa na Carnegie, alichapisha Nairobi mwongozo wa jaribio la akili lililokusudiwa Waafrika. Oliver alikuwa mwangalifu kuliko wenzake. Lakini miaka ile ile daktari H. L. Gordon na wenziwe walikuwa wakipima mafuvu na kutangaza kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kuzaliwa nao, na mwaka 1933 wakaunda chama chao cha "kuboresha mbari". Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya kikoloni maelezo ya kisaikolojia kuhusu Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni ugonjwa.

Sitaki kukaa sana hapo. Ninayataja ili muelewe kwamba swali la "analinganishwa na nani" halikuwahi kuwa swali la hesabu peke yake. Mtu aliyeshika jedwali alishika pia mlango wa shule na mlango wa kazi. Hata huko Marekani mambo yalifika mahakamani: mwaka 1979 Jaji Robert Peckham wa California aliamua, katika kesi ya Larry P., kwamba vipimo vile visitumike kuwapeleka watoto weusi kwenye madarasa ya wenye upungufu wa akili. Watoto wenyewe walikuwa wamekaa madarasani humo miaka kadhaa.

GARI LA WAYA

Kuna utafiti mmoja nilipousoma nilisimama kabisa. Mwanasaikolojia Robert Serpell alifanya kazi Zambia kwa miaka mingi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 aliwachukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, akawapa kazi moja: angalieni umbo hili, kisha linakilini. Tofauti ilikuwa ni vifaa tu. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Kiingereza walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda.

Soma tena hiyo. Uwezo unaopimwa ni ule ule, wa kuona umbo na kulirudia. Ukichagua kalamu unapata taifa moja la werevu, ukichagua waya unapata jingine. Na Zambia kama kwetu, mtoto anakua na waya mkononi. Nilifikiria lile gari lenye usukani mrefu, nikaona haya.

Fons van de Vijver, mwanasaikolojia wa Uholanzi, aliyagawa matatizo haya katika mafungu matatu. Nitayaeleza kwa mifano ya kwetu:

1. Upendeleo wa dhana. Kitu chenyewe unachopima si kimoja kila mahali. Kwa Waluo, watafiti waliandika mwaka 2001 kwamba mtu mwenye akili huelezwa kwa maneno manne, na rieko, ambalo liko karibu na akili ya shuleni, ni moja tu. Lipo pia luoro, yaani heshima na uwajibikaji. Kwetu Pwani vilevile, mtoto akitumwa dukani akarudi na chenji kamili bila kukumbushwa, watu husema ana akili. Jaribio la kigeni haliulizi habari za chenji.

2. Upendeleo wa njia. Saa inayohesabu, mgeni anayeuliza, kalamu. Mpwa wangu alipouliza "kwani wewe hukioni?" hakuwa mjinga. Kwao mtu mzima huuliza asichokijua. Mtu mzima anayeuliza anachokijua ana jambo lake.

3. Upendeleo wa kipengele. Swali moja moja linalomwangusha mtu kwa sababu zisizohusiana na kinachopimwa. Ule uwanja wa tenisi.

Nyongeza yangu ndogo kwa wapenzi wa lugha. Majaribio mengi humtaka mtoto arudie mlolongo wa tarakimu. Kwa Kiingereza, kutoka 1 hadi 9, ni 7 pekee yenye silabi mbili, nyingine zote ni silabi moja. Kwa Kiswahili zote ni mbili mbili: mo-ja, ta-tu, n-ne. Kwa Kigiriama 6 ni handahu na 7 ni fungahe, silabi tatu. Kumbukumbu ya muda mfupi inabeba kwa kadiri ya muda wa kutamka. Ellis na Hennelly walilionyesha hilo mwaka 1980 kwa Wawelshi: tarakimu zao huchukua muda mrefu kutamka kuliko za Kiingereza, na watoto wao walikuwa wanaonekana wana kumbukumbu fupi, kumbe lugha tu ina maneno marefu. Ukitafsiri jaribio neno kwa neno na kuacha jedwali la Kiingereza, umemkata mtoto alama kwa kosa la kuzaliwa na lugha yake.

KILIFI YENYEWE

Sasa tufike nyumbani. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wakati mimi nanakili majedwali ya Marekani, watu walikuwa wameshalihangaikia jambo hili kwa miaka mingi, mwendo wa matatu moja tu kutoka kwa dada yangu.

Mwaka 1989 taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust walianzisha kituo cha utafiti kwenye hospitali ya wilaya ya Kilifi, ambayo leo ni hospitali ya kaunti. Kazi yao kubwa ilikuwa malaria. Watoto walikuwa wanaletwa hawajitambui, wanatetemeka kwa degedege, na wengi wakapona. Ndipo likaja swali la mama yeyote: amepona kweli? Kichwa chake kimebaki kama kilivyokuwa?

Tazama ugumu wa swali hilo. Ukimpima mtoto wa Kilifi aliyeugua malaria kwa jedwali la Marekani, atatoka chini. Lakini na jirani yake ambaye hakuugua naye atatoka chini. Huwezi kujua kipi ni alama ya malaria na kipi ni alama ya kalamu, picha na Kiingereza. Jedwali lisilo la haki haliishii kumwonea mtoto, linaficha hata ugonjwa unaoutafuta.

Mwanasaikolojia Penny Holding na wenzake wa Kilifi wakaanza upya. Kazi yao juu ya namna ya kuunda mkusanyo wa majaribio ya kufaa watoto wa vijijini Kilifi ilichapishwa mwaka 2004. Hawakutupa majaribio ya kigeni yote, wala hawakuyatafsiri tu. Kwanza waliamua hasa wanataka kupima nini. Kisha wakatafuta vipengele na vifaa vinavyoeleweka na watoto wenyewe. Wakarekebisha namna ya kutoa maelekezo, ili mtoto aelewe mchezo kabla alama hazijaanza kuhesabiwa. Mwisho wakakagua kama kipimo kinatoa majibu yanayotegemeka. Nikizungumza kama msanifu wa programu: waliandika mahitaji kwanza, wakajenga, wakajaribu kwa watumiaji wa kweli. Mimi nilikuwa nimeruka hatua zote nikaenda moja kwa moja kwenye rangi.

Na matunda? Mwaka 2005 Julie Carter na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa Kilifi wa miaka 6 hadi 9 waliowahi kuugua malaria kali. Takriban mtoto mmoja kati ya 4 aliyepata malaria ya ubongo alikuwa na athari katika ukuaji wake, dhidi ya karibu mmoja kati ya 10 kwa watoto wa huko huko ambao hawakuugua hivyo. Nguvu yote ya matokeo hayo iko kwenye lile kundi la pili. Ni majirani: wanatoka vijiji vile vile, wanasema lugha zile zile, wanasoma shule zile zile au hawasomi.

Kwa watoto wadogo kabisa, Amina Abubakar, mwanasaikolojia Mkenya, na wenzake waliunda kipimo kilichopewa jina la Kilifi yenyewe, Kilifi Developmental Inventory. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Kinawapima watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa mambo mawili: mwendo wa mwili, na ushirikiano wa jicho na mkono. Vifaa vyake vinapatikana hapa hapa. Nikawaza: jina la mji wetu liko kwenye kipimo, na mimi mwana wa Pwani nilikuwa silijui.

Kuna na kipimo cha maneno ya watoto wachanga, kwa Kigiriama na Kiswahili, ambacho Katie Alcock na wenzake walikichapisha mwaka 2015. Cha Ulaya na Marekani mzazi hujaza mwenyewe karatasi ndefu ya maneno. Huku wazazi wengi hawasomi, kwa hiyo karatasi ikageuzwa mazungumzo: mtafiti anauliza, mama anajibu. Na mama asiyejua herufi akaonekana kuwa shahidi mzuri wa maneno ya mwanawe.

Na kile ninachokipenda kuliko vyote ni kifupi kabisa. Kinaitwa Maswali Kumi, kimetumika nchi nyingi, na mwaka 2004 Victor Mung'ala-Odera na wenzake walichapisha uchunguzi wa uhalali wake kwa watoto wa Kilifi. Baadhi ya maswali humtaka mzazi amlinganishe mtoto wake na watoto wengine: je, alichelewa kukaa, kusimama au kutembea kuliko wenzake? Hapo kaida haiko kwenye kitabu. Iko kichwani mwa mama, ambaye ameona watoto wa boma zima wakikua.

MTEGO WA PILI

Mpaka hapa mtu atasema: basi, tuchome majedwali ya kigeni, kila kijiji kiwe na lake. Nami nilifikiri hivyo kwa siku mbili tatu. Kisha nikakumbuka kadi ya kliniki.

Kila mama anaijua ile kadi yenye mistari ya uzito. Mistari iliyotumika duniani tangu miaka ya 1970 ilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao waliolishwa maziwa ya chupa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilileta mistari mipya, iliyotokana na watoto wa nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Lakini hawakuchukua watoto wowote tu. Walichukua waliolelewa katika mazingira mazuri: wananyonya, wanapata chanjo, mama havuti sigara. Hawakuuliza watoto wakoje, waliuliza watoto wanaweza kuwaje.

Sasa fikiria tungechora mistari kwa watoto wa Kilifi peke yao. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa kaunti hii walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Jedwali letu wenyewe lingesema udumavu ni kawaida. Mtoto mwenye njaa angetoka kijani, na serikali ingepumua. Jedwali la nyumbani nalo linaweza kumdhulumu mtoto, tena kwa sauti ya upole.

Tena jedwali linazeeka. Tamara Daley na wenzake walichapisha mwaka 2003 ulinganisho wa watoto wa vijijini Embu waliopimwa mwaka 1984 na wengine waliopimwa mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilipanda sana. Watafiti walitaja elimu ya wazazi, lishe na afya, na mabadiliko ya familia kuwa huenda ndiyo sababu. Anayetumia kaida za Embu za mwaka 1984 leo anawalinganisha watoto na wazazi wao.

Hata ndani ya Kilifi hakuna kundi moja. Patricia Kitsao-Wekulo na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba umri, kwenda shule na hali ya nyumbani vina mkono katika alama za watoto wa huku. Mtoto wa mjini Malindi mwenye vitabu na televisheni na mtoto anayechunga mbuzi huko bara wote ni wa Kilifi. Jedwali gani ni lao?

Jibu nililofikia ni hili: haki ya jedwali inategemea swali. Unataka kujua kama malaria imemdhuru? Mlinganishe na majirani zake ambao hawakuugua. Unataka kujua kama watoto wa kaunti wanapata wanachostahili? Hapo majirani hawatoshi, tafuta watoto waliolelewa vizuri, popote walipo. Unataka kujua kama anapiga hatua shuleni? Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Na kama hujui unauliza nini, usitoe nambari.

NILICHOKIFANYA

Nilifungua programu upya. Kwanza nikaondoa jedwali lililokuwa linachaguliwa lenyewe. Sasa afisa hawezi kuendelea bila kuchagua, na kila jedwali limeandikwa: watoto wa wapi, mwaka gani, wangapi, lugha gani. Maneno hayo yanachapishwa kando ya alama, kwa herufi za ukubwa ule ule. Pili, kama hakuna jedwali linalomfaa mtoto, programu haitoi alama ya kulinganisha. Inaonyesha alichokiweza na asichokiweza, basi. Tatu, nikaondoa nyekundu.

Shirika halikufurahi sana. Walisema fomu ya mfadhili ina kisanduku cha nambari moja, na kisanduku kitupu kinaonekana kama kazi haijafanyika. Tukavutana wiki nzima. Mwisho walikubali maelezo ya jedwali yabaki, nami nikakubali rangi irudi kwa vipimo vilivyotengenezwa huku tu. Sikushinda. Lakini mtu akisoma 70 leo, chini yake atasoma 70 ya nani.

Linahusu fedha na fomu, ndiyo, lakini linahusu na maisha. Kenya ina vituo vya EARC tangu mwaka 1984, ambako mzazi humpeleka mtoto apimwe kabla ya kupelekwa shule au kitengo maalumu. Mtoto anayehitaji kitengo hicho akikikosa, amedhulumiwa. Asiyekihitaji akipelekwa, naye amedhulumiwa. Kati yao kuna mtu mwenye jedwali, na siku hizi jedwali liko ndani ya programu, na programu imeandikwa na mtu kama mimi au wewe, aliyeruka utangulizi. Nasi tunaofundisha kompyuta kujifunza kutokana na data tusijidanganye: huko nako kuna jedwali la mtu, ila limezama ndani zaidi.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani. Nikamwambia dada ukweli, kwamba siku ile betri haikuwa imekwisha. Nikamweleza ile 70 ilitoka wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo mwanangu ana shida au hana?"

Nikamwambia sijui, programu yangu haiwezi kujua, lakini kama yeye ana wasiwasi kuna watu Kilifi wanaojua kuuliza vizuri, nitampeleka.

Akafikiri. "Wasiwasi sina," akasema. "Alitembea pamoja na wenzake, alisema pamoja na wenzake. Kusoma tu ndiko polepole, na mwalimu wao mmoja ana watoto tisini."

Nimeandika kazi nyingi za hifadhidata, sijawahi kupata maelezo ya kaida yaliyo wazi kuliko hayo. Aliniambia kundi, aliniambia umri, na aliniambia hata sababu.

Haya, nisiwachoshe. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye hifadhidata. Na safari hii tutaanza na swali la data imetoka wapi.